Tovuti za misaada: Uzuri wa mkakasi hauwashawishi tena wahisani

UCHAMBUZI

MASHIRIKA madogo ya hisani katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma yanakabiliwa na swali ambalo kwa miaka mingi yaliwaachia wakubwa walijibu: Mtu aliye mbali, asiyewahi kukanyaga Kiminini wala Chwele, ana sababu gani ya kuamini kwamba shilingi anayoitoa itafika inakosemwa itafika?

Swali hilo lilipata uzito mpya mnamo Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alipotia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo, shirika la USAID, ambalo lilikuwa limehudumu tangu 1961, lilikuwa limefunga shughuli zake rasmi.

Katika mpangilio wa zamani, shirika la mashinani lilipokea sehemu ya fedha hizo kupitia shirika kubwa la kimataifa. Mkubwa ndiye aliyeandika ripoti, akaajiri wakaguzi wa hesabu na kujibu maswali ya mfadhili. Mdogo alifanya kazi, akatia saini orodha ya mahudhurio na kupeleka stakabadhi Nairobi.

Mlango huo umekuwa mwembamba. Uliobaki ni wa mtu binafsi: Mkenya aliye na kazi mjini, jamaa aliye ughaibuni, kanisa la ng'ambo, wakfu mdogo wa familia. Watu hao hawatumi wakaguzi. Wanafungua tovuti kwenye simu, wanaitazama kwa dakika chache, kisha wanaamua. Ndiyo maana kazi ya kuunda upya tovuti, ambayo zamani ilionekana kuwa pambo la kuachiwa kijana yeyote anayejua kompyuta, sasa inagusa uhai wa shirika lenyewe.

Hatari ni kwamba wengi wataifanya kazi hiyo kwa namna isiyofaa. Watabadilisha rangi, wataweka picha kubwa zaidi na kuongeza kitufe cha kuchangia, kisha watashangaa mbona mchango haujaongezeka. Wahenga waliuita huo uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti.

Sura ya kwanza

Haifai kudharau sura. Mnamo 2002, watafiti wakiongozwa na B.J. Fogg wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaomba zaidi ya watu 2,600 wapime uaminifu wa tovuti mbalimbali na kueleza sababu zao. Karibu nusu ya maelezo yaliyotolewa yalihusu mwonekano: mpangilio wa ukurasa, ukubwa wa herufi, rangi. Watu waliodhaniwa kwamba wangeuliza nani ameandika na kwa ushahidi gani, walitazama kwanza kama nyumba imepigwa chokaa.

Kwa hiyo tovuti yenye viungo vilivyokatika, tangazo la mkutano uliofanyika miaka sita iliyopita na anwani ya barua pepe isiyojibiwa humfukuza mgeni kabla hajapiga hodi. Hilo ni la kurekebishwa, na halihitaji fedha nyingi.

Lakini sura humfikisha mgeni mlangoni tu. Anayefikiria kutoa mchango wa kila mwezi kwa mwaka mzima atataka kuona kilichomo ndani. Hapo ndipo historia ya eneo hili, kuanzia mpaka wa Uganda hadi Ziwa Victoria, ina mengi ya kufundisha. Ni eneo ambalo baadhi ya majaribio makubwa ya kutafuta imani ya wahisani kupitia intaneti yalianzia, na makosa yake yanajulikana.

Somo kutoka Tororo

Anayetoka Bungoma kuelekea magharibi kwa barabara kuu huvuka mpaka Malaba, na baada ya mwendo mfupi hufika Tororo, Uganda. Mnamo 2005, mji huo ndio uliotoa wakopaji saba wa kwanza wa Kiva, shirika la Marekani lililoanzishwa na Matt Flannery na Jessica Jackley. Jumla ya mikopo hiyo ya kwanza ilikuwa Dola 3,500.

Wazo la Kiva lilikuwa jepesi na lenye mvuto mkubwa. Mtu aliye California alifungua tovuti, akaona picha ya mwanamke anayeuza samaki, akasoma habari zake na kumkopesha Dola 25. Tovuti ilimfanya ahisi kwamba mkono wake umegusa mkono wa yule mama.

Mnamo Oktoba 2009, mtafiti David Roodman wa taasisi ya Center for Global Development mjini Washington aliandika kwamba mambo hayakuwa hivyo hasa. Mara nyingi yule mama alikuwa tayari amepewa mkopo wake na taasisi ya huko kwao kabla picha yake haijawekwa mtandaoni. Fedha za mkopeshaji ziliijazia taasisi hiyo pengo ili iendelee kukopesha wengine. Habari ya kina ilikuwamo kwenye tovuti kwa aliyejua kuitafuta, lakini ukurasa wa mwanzo ulitoa picha nyingine.

Hakukuwa na wizi katika utaratibu huo. Ulikuwa na mantiki, kwani muuza samaki hawezi kufunga biashara akisubiri mgeni abonyeze kitufe. Hata hivyo, wakopeshaji wengi waliona wameelezwa nusu ya ukweli, na gazeti la New York Times likaliandika suala hilo mwezi uliofuata. Flannery alijibu kwa kirefu na hadharani, akakubali hoja, na maneno ya tovuti yakabadilishwa: badala ya kuahidi kwamba mtu anamkopesha mfanyabiashara fulani, yakasema kwamba Kiva huwaunganisha watu kupitia mikopo.

Kiva haikuanguka. Iliendelea kukua miaka iliyofuata. Funzo kwa shirika la Kitale linaloandika "Mlipie Faith karo" ni kwamba, ikiwa mchango huingia katika mfuko mmoja unaolipia wanafunzi 40 pamoja na mshahara wa mpishi, basi iandikwe hivyo. Mhisani atasamehe mfuko wa pamoja. Hatasamehe kugundua mwenyewe, baada ya miaka mitatu, kwamba Faith alikuwa picha tu.

Takwimu za Bungoma

Bungoma yenyewe ina mfano wa aina nyingine. Mnamo 2006, Andrew Youn, Mmarekani aliyekuwa akisomea usimamizi wa biashara, alianzisha One Acre Fund katika eneo hilo kwa kundi la wakulima wasiofika 50. Shirika liliwapa mbegu na mbolea kwa mkopo, likawafundisha nafasi za kupandia na kuwaruhusu kulipa kidogo kidogo. Leo linahudumia mamilioni ya wakulima katika nchi kadhaa za Afrika, na hapa Kenya linafahamika kwa jina la Tupande.

Ukuaji huo haukutokana na picha za mahindi. Wafadhili wa kilimo wanajua kwamba mvua ikinyesha vyema Bungoma, kila mtu huvuna, aliyesaidiwa na asiyesaidiwa. Shirika likisema "wakulima wetu walivuna magunia 20 kwa ekari", halijasema lolote mpaka lieleze jirani aliye ng'ambo ya ua alivuna mangapi.

Ndiyo sababu jaribio lililofanywa katika eneo la Teso, Kaunti ya Busia, lilikuwa na uzito. Watafiti wa vyuo vikuu wakishirikiana na wafanyakazi wa One Acre Fund waligawa makundi ya wakulima kwa bahati nasibu, baadhi yakaingizwa katika mpango na mengine yakasubiri. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha kwamba mavuno ya mahindi ya walioshiriki yaliongezeka kwa takriban robo, na faida yao ikapanda kwa kiwango cha chini ya hapo.

Robo si muujiza. Matangazo mengi ya misaada hudai mambo makubwa kuliko hayo, eti maisha yamebadilika kabisa na umaskini umetokomezwa. Lakini robo iliyopimwa ni mali kuliko muujiza usiopimwa, kwa sababu anayetilia shaka anaweza kuuliza ilipimwaje na akajibiwa.

Kikundi cha akina mama wa Kimilili hakiwezi kugharimia jaribio la namna hiyo, wala hakihitaji. Kinaweza kuhesabu. Ni kuku wangapi walinunuliwa Machi? Wangapi walikuwa hai Desemba? Mayai mangapi yaliuzwa, kwa bei gani, na fedha zikagawanywaje? Tovuti inayosema kuku 200 walinunuliwa na 61 wakafa kwa kideri kabla chanjo kupatikana inaaminika kuliko inayosema "tumewawezesha wanawake". Mwenye kubuni hesabu hazungumzii vifo vya kuku.

Kosa linapotangazwa

Hapo ndipo viongozi wengi wa mashirika husita. Wanahofia kwamba mfadhili akisoma habari za kuku waliokufa atafunga mfuko. Hofu hiyo ina msingi, lakini mifano iliyopo yaonyesha kwamba anayetangaza kosa lake mwenyewe huwa na nafasi bora kuliko anayefichuliwa.

GiveDirectly ni shirika lililojijengea jina Magharibi mwa Kenya kwa kuwapa maskini fedha taslimu kupitia M-Pesa, likianzia Siaya. Lilipoingia Kaunti ya Homa Bay mnamo 2015, lilikumbana na jambo lisilotarajiwa: karibu nusu ya watu waliostahiki walikataa fedha hizo, ilhali kwingineko waliokataa walikuwa wachache mno. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba fedha za bure zina uhusiano na ibada za shetani. Shirika lingeweza kunyamaza na kuhamia kaunti nyingine. Badala yake liliandika habari hiyo kwenye tovuti yake, pamoja na kiwango cha waliokataa.

Jaribio kali zaidi lilikuja mwaka 2022, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Katika mkoa wa Kivu Kusini, baadhi ya wafanyakazi wa shirika hilo walishirikiana na watu wa nje kuelekeza kwingine fedha zilizokusudiwa familia maskini. Takriban Dola 900,000 zilipotea, na familia zaidi ya 1,700 zikaathirika. Mnamo 2023 shirika lenyewe lilitangaza hasara hiyo, likaeleza jinsi wizi ulivyofanyika, udhaifu gani uliuruhusu na hatua zilizochukuliwa.

Habari kama hiyo ni chungu. Walakini, mhisani aliyeisoma alipata kitu ambacho ripoti za kila mwaka zenye karatasi ya kung'aa haziwezi kumpa: uthibitisho kwamba shirika likiibiwa, yeye ataambiwa. Mficha uchi hazai. Shirika linalodai kwamba katika miaka kumi halijapoteza hata kondoo mmoja linamlazimisha msomaji kuchagua kati ya kuamini miujiza na kushuku kwamba anafichwa.

Picha ya mtoto

Kwa makao ya watoto, ambayo hutegemea sana wahisani wa ng'ambo, suala gumu zaidi ni la picha. Kwa miaka mingi uso wa mtoto aliyevaa nguo zilizoraruka ndio uliokuwa mtaji mkuu wa tovuti za aina hiyo. Jina lake liliandikwa, kijiji chake, namna wazazi wake walivyofariki, wakati mwingine hata ugonjwa wake.

Sheria imebadilika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na matumizi yenyewe yawe kwa manufaa ya mtoto. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Makao ya watoto hayana kinga dhidi ya sheria iliyoiadhibu shule.

Isitoshe, sera nzima ya malezi imegeuka. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mnamo 2017. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwaondoa watoto katika makao na kuwarejesha kwa jamaa au familia za kuwalea. Wahisani wa ng'ambo wanaofuatilia mambo haya tayari wanauliza: Kwa nini mtoto huyu yupo kwenu na si kwa shangazi yake?

Tovuti iliyojengwa juu ya idadi ya vitanda haina jibu. Ile itakayoaminika ni inayoeleza ni watoto wangapi walirejeshwa kwao mwaka uliopita, wanafuatiliwa na nani, na familia zilizowapokea zinasaidiwa vipi. Kwa maneno mengine, makao yatapimwa kwa watoto walioondoka vyema. Huo ni mgeuko mkubwa kwa shirika ambalo mapato yake yalihesabiwa kwa kila kichwa cha mtoto aliyelala humo, na hakuna mbunifu wa tovuti anayeweza kuufunika kwa rangi.

Kipo pia kipimo cha utu ambacho hakihitaji sheria. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na umri wa miaka saba atakuwa na miaka 20 siku moja. Atatafuta jina lake kwenye intaneti, au mwajiri wake atalitafuta. Je, ukurasa huo utamsitiri au utamwaibisha?

Bei ya wilbaro

Wakazi wa Bungoma wana kumbukumbu yao wenyewe kuhusu uwazi. Mnamo 2015 ilibainika kwamba serikali ya kaunti ilikuwa imenunua wilbaro kumi kwa Sh1.09 milioni, yaani zaidi ya Sh109,000 kila moja. Taifa zima lilicheka na kukasirika kwa wakati mmoja.

Kisa hicho kilihusu serikali, si shirika la hisani, lakini kinaeleza jambo la msingi. Laiti hesabu ingeandikwa "vifaa vya kazi, Sh1.09 milioni", umma haungeshtuka. Kilichoamsha hasira ni kwamba idadi na kitu chenyewe vilitajwa, na kila mtu aliyewahi kuingia duka la vifaa vya ujenzi alijua bei ya wilbaro. Mwananchi wa kawaida akawa mkaguzi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Lakini daftari nalo lina aina mbili: lile linaloandikwa ili lisisomeke na lile linaloandikwa ili mtu aulize. Tovuti nyingi huweka duara lenye rangi tatu linaloonyesha kwamba asilimia 85 ya fedha huenda "kwenye miradi". Duara hilo halimwambii mtu lolote. Orodha fupi ingesema zaidi: mabati 60, mifuko 45 ya saruji, siku 30 za fundi, kila kitu na bei yake.

Utaratibu wa sheria nao unazidi kuelekea huko. Mnamo Desemba 2014, bodi iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilifuta usajili wa mashirika zaidi ya 500, mengi yao kwa kutowasilisha hesabu. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kukaa kwenye rafu kwa miaka 11, ilianza kutumika Mei 14, 2024, ikiwa na masharti yake ya usajili na ya kutoa ripoti. Vikundi vidogo vya vijijini navyo vina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

Nyaraka zinazotakiwa na sheria hizo ndizo malighafi ya tovuti yenye kuaminika. Nambari ya usajili, majina ya wanabodi, hesabu zilizokaguliwa na jina la kampuni iliyozikagua, zote zingepaswa kuonekana bila mtu kuomba. Anwani ya mtandao inayoishia kwa herufi za .or.ke, zinazotengewa mashirika yasiyo ya kibiashara nchini, huonyesha kwamba shirika lina makao. Nambari ya Paybill iliyosajiliwa kwa jina la shirika humpa mchangiaji utulivu ambao nambari ya simu ya mkurugenzi haiwezi kumpa. Mchango unaoingia katika simu ya mtu, hata awe mwaminifu kama nini, ni mchango usio na daftari.

Gharama ya uwazi

Kuna wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni gharama. Shirika lenye wafanyakazi watatu halina mhasibu wa kudumu, na kukagua hesabu kunakula fedha ambazo zingenunua dawa. Wahisani wenyewe wamechangia tatizo hili kwa kudai kwamba kila senti iende "moja kwa moja kwa walengwa". Mnamo Juni 2013, mashirika matatu ya Marekani yanayotathmini taasisi za hisani, yakiwemo GuideStar na Charity Navigator, yaliandika barua ya wazi kwa wachangiaji kuwasihi waache kupima ubora wa shirika kwa udogo wa gharama zake za ofisi. Shirika lisilotumia chochote kwa uhasibu haliwezi kujua zilikokwenda fedha zake.

Jawabu lenye haki ni kusema waziwazi. Tovuti iandike kwamba kiasi fulani cha kila Sh1,000 hulipa mhasibu, na ieleze sababu. Anayekasirika kwa ukweli huo angekasirika zaidi baadaye.

Hoja ya pili ni ya usalama na ya ujamaa. Mkurugenzi wa shirika la Kitale anayechapisha kwamba amepokea Sh8 milioni ataamkia foleni ya jamaa, wanasiasa na watu wa harambee mlangoni, kila mmoja akiwa na shida ya kweli. Hilo linajulikana na kila aliyekulia kijijini. Hata hivyo, kuficha jumla hakuzuii uvumi. Katika mji mdogo watu hukisia, na makisio huwa makubwa kuliko ukweli. Orodha inayoonyesha kwamba Sh8 milioni hizo tayari zina kazi zake humpa mkurugenzi ngao: fedha si zake za kugawa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wapo wanaosema kwamba wahisani hawataki ukweli, wanataka machozi. Kwamba picha ya mtoto anayelia italeta fedha na jedwali la kuku halitaleta. Kwa muda mfupi huenda wakawa sahihi. Lakini huruma humfanya mtu achange mara moja, na mara ya pili atatafuta sababu. Shirika linaloishi kwa machozi hulazimika kutafuta mtoto mwenye huzuni zaidi kila mwaka, na mwishowe linaharibu wale wale lililoanzishwa kuwalinda.

Msomaji wa pili

Katika mijadala yote kuhusu tovuti na imani ya wahisani, msomaji mmoja husahauliwa. Ni yule anayeandikwa habari zake.

Tovuti nyingi za mashirika ya eneo hili zimeandikwa kwa Kiingereza pekee, kwa ajili ya mtu wa Ulaya au Marekani. Mkulima wa Kamukuywa ambaye picha yake imewekwa hapo hajawahi kuiona. Hajui kwamba ameandikwa kuwa alikuwa akilala njaa, wala kwamba shirika limejipa sifa ya kumchimbia kisima alichochimba mwenyewe na majirani zake.

Zamani pengo hilo halikuwa na athari, kwa kuwa ulimwengu wa mfadhili na ulimwengu wa mkulima havikukutana. Leo vinakutana katika simu moja. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu imekuwa benki hata kwa wazee wa vijijini, na vijana wao wanasoma intaneti kila siku. Mwana wa yule mkulima anaweza kumwandikia mhisani wa Uholanzi moja kwa moja na kumwambia: Baba yangu hajawahi kupewa ng'ombe huyo. Sentensi hiyo moja itabomoa tovuti iliyogharimu maelfu ya Dola.

Ndipo suluhisho linapopatikana. Iwapo shirika litaandika ukurasa wake kwa Kiswahili pia, litumie picha nyepesi zisizomaliza bando la msomaji, kisha lichapishe muhtasari huo huo na kuubandika kwenye ofisi ya chifu na ukuta wa zahanati, litakuwa limepata jeshi la wakaguzi wasiolipwa. Likiongeza nambari ya simu ya kupokea malalamishi, na likieleza kwenye tovuti ni malalamishi mangapi yaliyopokewa na yakatatuliwaje, mhisani aliye mbali atajua kwamba wapo watu walio karibu wanaotazama kwa niaba yake.

Kikao kimoja cha baraza kingetosha kama jaribio kabla tovuti mpya haijafunguliwa. Kila ukurasa usomwe kwa sauti mbele ya waliotajwa humo. Wakitikisa vichwa kwa kukubali, ufunguliwe. Wakiangaliana na kunong'ona, urudi kwa mwandishi.

Kwa mashirika ya Kitale na Bungoma yanayojiandaa kuunda upya tovuti zao baada ya kupungua kwa misaada ya serikali za nje, kazi ya kwanza haimo katika kompyuta. Imo katika faili za stakabadhi, katika idhini za wazazi, katika idadi ya kuku waliokufa na watoto waliorejea kwao. Mbunifu anaweza kulipwa kupanga hayo vizuri. Hawezi kulipwa kuyatengeneza. Na mhisani atakayeuliza kama yaliyoandikwa ni kweli, inafaa aweze kumpigia simu mkazi yeyote wa kijiji kilichotajwa na kupata jibu lile lile.